Skii pana zinakusumbua? Chunguza haya kabla hujaziuza

Msimu wa 2022/23 mlima wa Alta, ulio mwendo wa chini ya saa moja kutoka Salt Lake City, Utah, Marekani, ulipokea inchi 903 za theluji. Hiyo ni karibu mita 23, wakati mwaka wa kawaida huwa kama mita 14. Msimu ule watu walinunua skii pana, zile mbao mbili za kutelezea thelujini, kama wanavyonunua mchele kuelekea sikukuu: milimita 115, 118, wengine 122. Miaka iliyofuata mambo yakarudi kawaida, na skii zile zikaanza kuletwa mezani kwangu. "Hazikati kona." "Zinavuta upande." "Magoti yananiuma." "Fundi, nitafutie mteja nizitoe."

Mimi ni fundi wa skii. Nimekulia Moshi, theluji nikiiona kwa mbali tu asubuhi mawingu yakifunguka, na leo mkate wangu unatoka kwenye kunoa makali na kupiga pasi nta. Malalamiko haya nayasikia kwa Kiswahili mara nyingi kuliko mtu anavyoweza kudhani, maana jiji hili la Salt Lake lina Wakongo, Warundi na Wakenya wa kutosha, na watoto wao wameshaanza kupanda mlimani. Ninachokiona ni kwamba nyingi ya skii zinazoletwa kuuzwa upana wake hauna kosa. Makali yameharibika, au vifungo vimewekwa pabaya, au buti linapwaya. Zinazobaki ni za mtu aliyenunua kwa ajili ya siku nne za unga, yaani theluji mpya laini, akazitumia siku arobaini za theluji ngumu.

Tukubaliane majina. Pua ni mbele, mkia ni nyuma, tumbo ni upande unaogusa theluji, makali ni vyuma viwili vya pembeni. Kiuno ni sehemu nyembamba chini ya buti, na mtu akisema "nina 112" anataja kiuno kwa milimita. Upinde ni ile hali ya skii kuwa na uwazi katikati ukiilaza sakafuni. Roka ni kinyume chake, pua au mkia kuanza kuinuka mapema. Vifungo ni vile vinavyoshika buti juu ya skii. Njia ngumu ni ile iliyoshindiliwa na mashine. Vichuguu ni yale matuta yanayochongwa na watu wakipita palepale siku nzima.

Pua inazama kwenye unga

Hili linauma kuliko yote, kwa sababu mtu alilipa ili aelee.

Anza na kasi. Skii inaelea kama boti ya injini: ikisimama inakaa chini, ikikimbia inainuka. Ukiingia kwenye unga wa magotini huku unazivuta breki kila kona, hata 120 zitazama. Tafuta mteremko usiotisha, elekeza pua chini, hesabu moja mbili tatu, ndipo ugeuke. Na usikae nyuma kama uliyekalia kigoda. Ushauri huo ni wa enzi za skii nyembamba, na ukiufuata mapaja yatawaka moto kabla ya saa tano.

Kama kasi ipo na pua bado inazama, tazama vifungo. Juu ya skii kuna alama ya kiwanda, na buti lina mstari katikati ya soli, ubavuni. Viwili hivyo vikutane. Skii za mtumba, hasa zilizotoka dukani kwa kukodisha, huwa na vifungo vya reli vinavyosogea, na nimewahi kupokea pea iliyosogezwa sentimita 3 mbele. Aliyeitumia mwanzo alipenda kuzunguka hewani. Aliyeinunua alitaka kuelea. Rudisha kwenye alama. Ikizama bado, sogeza nyuma sentimita 1, ujaribu, ndipo ufikirie nyingine.

Halafu kuna urefu, na hapa wauzaji wanawapoteza watu. "Ni pana, kwa hiyo chukua fupi." Piga hesabu mwenyewe. Skii ya sentimita 180 yenye upana wa wastani wa sentimita 12 ina eneo la sentimita za mraba 2,160 hivi. Ukiipanua milimita 10 kutoka puani hadi mkiani unaongeza 180, kama asilimia 8. Ukiacha upana ulivyo ukaongeza urefu sentimita 8, unapata 96, lakini zaidi ya nusu yake iko mbele ya buti, palepale pua inapohitaji msaada. Tena skii yenye roka kubwa, ukiilaza sakafuni, inagusa sehemu ya katikati tu. Kwenye theluji ngumu utaiona fupi kuliko namba iliyoandikwa. Mtu aliyezoea 172 nyembamba akichukua 172 yenye roka puani na mkiani, amejipunguzia.

Upana wenyewe uwe wa mwisho kushukiwa. Wengi wanaokuja wakitaka kutoka 108 kwenda 118 wangetosheka na 108 ileile iliyo ndefu zaidi.

Kwenye njia ngumu zinakokota, na magoti yanauma

Sehemu ya tatizo hili ni maumbile ya kitu chenyewe, hakuna fundi atakayeyaondoa. Mbele, buti la kawaida la skii lina upana wa takriban milimita 69. Skii yenye kiuno cha 116 inajitokeza zaidi ya milimita 23 kila upande. Ukiilaza upande kwenye barafu, theluji inasukuma makali kutoka umbali wa milimita 58 na mstari wa katikati ya mguu. Kwa skii ya 80 ni milimita 40 tu. Nguvu hiyo inataka kuirudisha skii chali, na kinachoizuia ni kifundo chako na goti lako. Kwenye unga haya hayapo, kwani skii yote inazama na kubebwa tumbo zima. Ndiyo maana mtu anashinda mlimani siku ya dhoruba bila maumivu, kesho yake njia zimeshindiliwa na mashine, anashuka mara tatu na kuanza kuchechemea.

Lakini kabla ya kulaumu maumbile, vua buti ulichunguze. Toa kile kiatu laini cha ndani, ingiza mguu mtupu kwenye ganda, sukuma vidole viguse mbele, kisha pima nafasi iliyobaki nyuma ya kisigino. Sentimita 1 hadi 2, sawa. Zikipita hapo, buti ni kubwa, na unapolala upande mguu unalala kwanza, skii inafuata baadaye. Kwenye skii nyembamba ucheleweshaji huo unavumilika. Kwenye 116 unahisi unaendesha lori lenye usukani uliolegea. Nimewaona watu wakibadilisha skii mara mbili wakati buti walilinunua kubwa kwa kuogopa vidole kubanwa, kama tunavyowanunulia watoto viatu vya shule ili vidumu miaka miwili.

Cha pili ni makali. Kuna imani kwamba skii za unga hazihitaji kunolewa. Utafikaje kwenye unga bila kupita kwenye barafu ya chini ya lifti? Kwaruza ukucha wa dole gumba kwa upole kukatisha makali: yakichuna unga mweupe kwenye ukucha, yapo; yakiteleza kama ukingo wa kijiko, yamekufa.

Ukishamaliza hayo mawili na goti bado linalalamika, na siku zako nyingi ni za njia ngumu, basi ndiyo, skii ni pana mno kwako. Goti lililowahi kuumia lisijaribiwe kwa ubishi.

Zinashika zenyewe, kama zina pepo

Mwaka juzi alikuja dada mmoja Mkenya, nesi wa zamu ya usiku, amebeba pea ya 114 begani.

"Kaka, hizi zina kitu. Nikinyooka zinakwenda kushoto. Nikitaka kutoka kwenye kona zinakataa."

"Pole dada. Nani alizinoa mara ya mwisho?"

"Mimi. Nilitazama video."

Nikazilaza matumbo juu, nikasimamisha rula ya chuma kukatisha kiuno, nikainama nitazame mwanga wa dirisha. Ukanda wa mwanga ulipita katikati, chini ya rula. Pembeni, kwenye makali, giza. Maana yake tumbo lilikuwa na bonde na makali yamesimama juu kama kingo za mtaro. Skii ya namna hiyo inateleza juu ya reli mbili, na reli haina habari na unakotaka kwenda. Kisha nikapitisha kidole taratibu kutoka tumboni kuelekea nje, nikahisi uzi wa chuma uliojikunja. Ndio uliobaki alipopiga tupa ubavuni bila kuusafisha upande wa tumbo.

Dawa yake haina miujiza. Tumbo lenye bonde linasagwa kwa jiwe kwenye mashine hadi mwanga usipite. Makali yanainamishwa kidogo upande wa tumbo, nyuzi 1 inatosha watu wengi, na ubavuni nyuzi 2. Mabaki ya chuma yanaondolewa kwa jiwe la almasi lililoloweshwa. Mwisho, kuanzia pale pua inapoanza kuinuka kwenda mbele, na vivyo hivyo mkiani, ukali unauawa kwa jiwe la mpira, kwa kuwa sehemu hizo hazina kazi kwenye kona ya njia ngumu ila zinanasa kwenye theluji iliyochakazwa.

Usidhani skii mpya zimesalimika. Tumbo pana ni gumu kulisawazisha kuliko jembamba, na pea nyingi pana ninazozifungua kutoka kwenye nailoni zinaonyesha mwanga mahali fulani. Rula ya chuma ni bei ya chakula cha mchana. Nenda nayo dukani. Muuzaji akikukunjia uso, umeshajua.

Pua inapigapiga

Ukishuka njia ngumu ukaona pua inapepea kama mkia wa samaki, kama ina roka kubwa hiyo ni tabia yake, wala haikudhuru. Sehemu hiyo haigusi theluji. Tazama mbele, usiitazame yenyewe.

Kutetemeka kunakokusumbua ni kule unakokusikia miguuni, alasiri, unga umeshakatwakatwa na mamia ya watu ukawa mabonge. Hapo uzito ndio unaosema. Skii ya gramu 1,500 iliyojaa kaboni ni tamu kuipandisha mlima kwa miguu, ila kila bonge inaligongea hodi. Ya gramu 2,100, hasa yenye tabaka la chuma ndani, inalipita bonge bila kukuarifu. Kama unapanda kwa lifti kila siku, sioni kwa nini ulipie wepesi.

Vichuguu, miti na ukoko

Kwenye vichuguu skii pana na ndefu ni kama kugeuza mkokoteni kwenye uchochoro wa Mji Mkongwe. Kinachosaidia ni mkia: wenye roka kidogo na usio mgumu sana unaachia haraka, uliosimama wima unagongana na kichuguu cha nyuma yako na kukusukuma mbele kabla hujawa tayari. Kati ya miti ni vivyo hivyo, na hapo mtu akikosea anaukumbatia mti.

Ukoko ni jambo jingine, na hapa skii pana inalipa deni lake lote. Jua likipiga unga mchana, usiku ukaganda, juu panakaa tabaka kama ukoko wa pilau: linabeba, linabeba, halafu linapasuka ghafla, mguu unatumbukia. Skii nyembamba inalitoboa na kunaswa chini yake. Ya 110 na kuendelea, yenye pua iliyoinuka mapema, inagawa uzito na ama inabaki juu au inalivunja kwa ulaini. Ukianguka kila kona kwenye ukoko, usinoe kitu. Simama miguu karibu, uzito sawa kwa yote miwili, geuka polepole kwa duara kubwa. Au ongeza dakika ishirini kwenye kahawa, utafute upande uliopigwa na jua.

Breki na vifungo

Hapa sina mzaha. Skii pana nyingi za mtumba zimebeba vifungo vya skii nyembamba. Dalili: breki, ile mikono miwili ya kifungo inayozuia skii isikimbie peke yake, imekwama kwenye makali, haishuki ukitoa buti. Skii hiyo ikikutoka mguuni inashuka peke yake hadi chini, na chini kuna watoto. Breki iwe sawa na kiuno au ipite kwa milimita zisizozidi 15. Ikizidi hapo inajitokeza na kukwangua theluji ukilala upande, nawe utadhani makali yanakamata.

Dalili ya pili: buti linaingia kwa shida, au linaingia vizuri mno kisha linacheza. Siku hizi soli ziko za aina zaidi ya moja. Kuna ya zamani iliyo bapa, kuna ya GripWalk iliyopinda kidogo ili mtu atembee, na kuna za kupandia mlima. Si kila kifungo kinazipokea zote, na kuona limeingia si kipimo. Maandishi kwenye kifungo yalingane na yaliyo kwenye buti.

Namba ya DIN, ile inayoamua kifungo kiachie kwa nguvu gani, inatokana na uzito wako, kimo, umri, urefu wa soli na namna unavyoteleza. Upana wa skii haumo. Wapo wanaoipandisha kwa sababu "hizi ni kubwa". Mguu wako ni uleule.

Na ukihamisha vifungo, uliza fundi atatoboa umbali gani na matundu ya zamani. Napenda sentimita 1 kutoka kitovu cha tundu hadi kitovu. Skii yenye chuma ndani inataka keekee ya milimita 4.1, isiyo na chuma 3.5 au 3.6, kina milimita 9. Fundi asiyeuliza kuna nini ndani ya skii kabla ya kuwasha keekee, chukua skii zako uondoke.

Zinagoma kuteleza

Ukiona tumbo limepauka pembeni kama ngozi isiyopakwa mafuta, limekauka, piga nta. Baridi ikishuka chini ya nyuzi -10 chembe za theluji huwa kali na kukwaruza, tumia nta ngumu ya baridi. Machipuko theluji ikilowa, tumbo pana linanyonywa kama sahani mbichi iliyobandikwa mezani. Nta ya joto husaidia, na jiwe la mashine likichora mifereji mikubwa kidogo, maji yanapata njia ya kutoka. Hayo ndiyo yote.

Tatizo linapokuwa upana kweli

Skii pana zilizaliwa kwa ajili ya kazi moja. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Rupert Huber wa kampuni ya skii ya Atomic alipasua ubao mmoja mpana wa kuteleza theluji (snowboard) vipande viwili akapata wazo la skii pana ya Powder Plus. Miaka ya mwanzo ya 2000 mtelezaji Shane McConkey akaja na skii ya Volant Spatula, ambayo kiuno chake kilikuwa kipana kuliko pua na mkia, na badala ya upinde ilibinuka kama mtumbwi; wazo alilitoa kwenye skii za majini. Kwenye unga wa Alaska ilikuwa maajabu. Kwenye njia ngumu hata wenyewe hawakuitetea. Upande wa pili, skii za mashindano ya kona kubwa, kama alizozishindania Sabrina Simader wa Kenya, kiuno hakizidi milimita 65. Skii unayoitafuta iko katikati ya dunia hizo mbili, na kila milimita unaihama moja kwenda nyingine.

Kwa hiyo fungua simu, tazama picha za msimu uliopita, hesabu siku. Ngapi zilikuwa za unga unaopita kifundo cha mguu? Vermont au Quebec, mashariki mwa Marekani na Kanada, ambako barafu ni ya kila wiki, mimi ningebaki kati ya 85 na 95 na nisione haya. Kwenye Alpi, kwa mtu anayechanganya njia na pembeni ya njia, 95 hadi 102. Hapa Wasatch, milima iliyo kando ya Salt Lake City, natembea na 106, na sijawahi kuitukana. Hokkaido, kaskazini mwa Japani, mwezi Januari ndiko mahali pa 115 kwenda juu, maana unga uko chini ya miguu karibu kila asubuhi. Ukiwa na pesa ya pea mbili, achana na ya katikati: 90 na 114 zitakufaa kuliko 102 mbili zinazofanana.

Yule nesi alibaki na 114 zake baada ya kusagwa, na kwa siku za kawaida akaokota pea ya zamani ya 88 kwenye mnada wa shule. Sasa asubuhi akitoka zamu anaangalia kwanza taarifa ya Utah Avalanche Center, wanaotoa tahadhari za maporomoko ya theluji, kwa sababu mteremko wa nyuzi 30 hadi 45 unaopendeza skii pana ndio huohuo unaoporomoka, kisha ndipo anaamua atoe pea ipi kwenye gari.

Na kama umepitia yote haya bado unataka kuziuza, zilete Oktoba. Aprili kila mtu anauza, na utazitoa kwa bei ya kuazima.